Binti ana A ya Hisabati, anataka ufundi. Baba yake anataka A-level. Na hilo somo la Ujasiriamali, limeshamtoa nani?

MamaSare_Busia

Habari zenu wandugu. Nina maneno mengi leo, mwenye haraka apite.

Mimi nashona sare za shule hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nina cherehani nne, mbili za mguu na mbili za umeme, ovaloku moja (ile ya kufunga kingo za kitambaa), na mashine ya kufuma sweta niliyoinunua kwa mama aliyekuwa anafunga duka. Binti yangu wa kwanza amemaliza S4, yaani kidato cha nne, na matokeo ya UCE, mtihani wake wa taifa, yametoka. Hisabati A, Fizikia B, mengine si haba. Badala ya sherehe, nyumbani kuna vita.

Baba yake anataka aingie S5, ndiyo A-level, achukue Hisabati, Uchumi na Ujasiriamali, kisha chuo kikuu, shahada ya biashara. Ameshawatangazia mpaka wajomba. Mtoto mwenyewe anataka kusomea mashine. Si kushona, kushona anajua. Ovaloku ikianza kuruka nyuzi yeye ndiye anayeifungua, anaichungulia kwa tochi ya simu, anaifunga, kazi inaendelea. Hapa mafundi wa cherehani za mguu wapo. Wa mashine za kiwandani hakuna wa kutegemea. Yakinishinda namwita mtu kutoka Mbale au ng'ambo kule Kisumu, na nauli yake, chakula chake na siku nzima ya wateja kununa ni juu yangu. Kwa hiyo mtoto ameona pengo kwa macho yake. Baba yake anaona tu A ya Hisabati ikipakwa grisi.

Sasa swali. Kila kiongozi akishika kipaza sauti anawaambia vijana waache kutafuta kazi, watengeneze kazi. Mtaala mpya ulipoanza 2020, Ujasiriamali ukawa wa lazima S1 na S2, pamoja na Kiswahili chetu. Nikasema vizuri. Juzi nikachukua daftari la binti nikalisoma lote jioni moja. Sifa za mjasiriamali: mbunifu, mvumilivu, anathubutu. Vyanzo vya mtaji: akiba, mkopo, ndugu na marafiki. Nikamuuliza: mwalimu mkuu akichukua sweta themanini kwa ahadi, halafu akahamishwa wilaya nyingine na mpya akasema hakukuti kwenye vitabu, daftari linasemaje? Akacheka mpaka akaketi.

Na niwaambie ninachokiona kwenye daftari langu mimi, la mauzo. Mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari ndipo ninapopata pesa. Wazazi wanapanga foleni, tunashona mpaka usiku. Ukiniona wakati huo utasema huyu mama ametoka. Lakini shule zinafunguliwa kwangu pia! Nina watoto watatu. Ada ya bweni ya mmoja tu ni milioni moja na kidogo kwa muhula, kabla hujanunua bunda la karatasi, ufagio, sabuni, sukari, na mchango wa jengo ambalo sijaliona likiisha. Zile pesa zilizopaswa kuninunulia kitambaa cha muhula wa pili kwa bei ya jumla zinapita mikononi mwangu kama mgeni, zinakwenda kwa mhasibu wa shule. Mwezi wa tano nakopa kitambaa kwa bei ya rejareja. Mwezi wa tisa vivyo hivyo. Miaka yote hii cherehani nne zimebaki nne.

Msiniambie kuna elimu ya bure, UPE ya msingi tangu 1997 na USE ya sekondari tangu 2007. Mtoto wangu wa mwisho alianzia shule ya serikali hapa jirani, darasa limejaa mpaka watoto wanakaa chini, mwalimu mmoja. Nikamtoa. Wengi wenu mmefanya hivyo hivyo.

Halafu shule moja niliyoishonea muda mrefu (sitaitaja) ikaamua sare zote zinunuliwe ofisini kwao, kutoka kwa mshonaji mmoja waliyempata wao. Nimebaki na sweta za zambarau ambazo hakuna shule nyingine inavaa rangi hiyo. Mwenye mteja anione.

Kwa hiyo nauliza yote kwa pamoja, mniwie radhi: ufundi baada ya S4 ni njia au ni shimo? Ujasiriamali wa A-level umemsaidia nani kwa kweli? Na hii sera ya elimu inawajenga wafanyabiashara, au sisi ndio tunaoijenga sera kwa ada zetu?

---

Fundi_Walukuba

Mama Sare, salaam kutoka Jinja. Mimi nimefundisha ufundi wa vyuma katika chuo cha serikali miaka mingi kabla ya kufungua karakana yangu. Natengeneza mageti, vinu vya mahindi na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Nijibu kwa mpangilio wangu, si wako.

Nilizaliwa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja. Waliokulia hapa wanajua kwa nini tunaongea Kiswahili: baba zetu walitoka kila pembe ya nchi na ng'ambo ya mpaka kuja viwandani, baada ya bwawa la Owen Falls kuanza kutoa umeme mwaka 1954. Kulikuwa na kiwanda cha nguo, cha shaba, cha chuma. Kijana aliingia akifagia, akawekwa chini ya fundi mtu mzima, baada ya miaka anashika mashine. Hakuna aliyeita hiyo sera ya elimu, lakini ndiyo iliyokuwa shule yetu ya biashara. Wahindi walipofukuzwa 1972 watu husimulia maduka yaliyogawiwa. Sisi wa Jinja tunakumbuka zaidi kwamba mashine zilibaki, na yule aliyejua kuagiza vipuri, kupanga bei na kumfundisha kijana hakuwepo tena. Ule mnyororo ukakatika. Kila mtaala uliofuata ulikuwa unajaribu kuweka darasani kitu kilichokuwa kinaishi karakanani.

Na huko darasani ufundi haujawahi kukaa raha. Hata Makerere yenyewe mwaka 1922 ilianza kama shule ya ufundi, vijana 14, useremala, ujenzi na umakanika. Angalia ilipo leo na uniambie ni mzazi gani anampeleka mtoto Makerere akawe seremala. Tume ya elimu ya Profesa Senteza Kajubi ilipotoa ripoti yake 1989, na waraka wa serikali ukafuata 1992, maandishi yalikuwa mazuri kabisa: elimu iendane na kazi, kila mtoto aguse chombo. Kilichotekelezwa kwa nguvu ni idadi ya watoto. Vyombo vilisubiri. Vikaja sheria ya elimu ya ufundi ya 2008 na mpango wa stadi za kazi wa Skilling Uganda wa 2011, na hapo angalau kuna jambo la maana nitakalolirudia.

Nilichokiona mimi kama mwalimu: wanafunzi walikuwa wanafika na aibu. Walimu wakuu walituletea walioshindwa. "Huyu mpeleke ufundi." Kijana anaingia karakanani ameshaambiwa na ukoo mzima kwamba ameanguka. Halafu bajeti ya fimbo za kuchomelea inaisha wiki ya tatu, anamaliza muhula akiwa amechora viungo ubaoni na kuchomelea vichache. Binti mwenye A ya Hisabati na B ya Fizikia tungempokea kwa ngoma na vigelegele. Hatukuwahi kumpata.

Kuhusu shimo: si shimo. Baada ya S4 anaingia chuo cha ufundi miaka miwili anapata cheti cha taifa. Kutoka hapo stashahada katika chuo cha ufundi cha taifa, na kimoja kipo karibu nawe, UTC Elgon kule Mbale. Kutoka stashahada anaweza kwenda shahada, Kyambogo kwa mfano. Njia ni ndefu kidogo kuliko ya A-level, na mwambie baba yake hivyo hivyo bila kumficha, lakini haikatiki. Na lile jambo la maana nililosema: siku hizi mtu anapimwa kwa kazi yenyewe, utaratibu ulioanzishwa na DIT, Idara ya Mafunzo ya Viwanda. Fundi wa Katwe kule Kampala ambaye hakuvuka P5, darasa la tano, anaweza kupimwa kwa anachokijua akapata cheti chake. Mitihani ya kuandika ingemfunga nje maisha yake yote.

Sasa hili la kutoka kibiashara. Waliopita mikononi mwangu na leo wana karakana zao si waliokuwa wachomeleaji bora. Bora wengi wameajiriwa, na wanalipwa vizuri. Waliofungua kwao ni wale ambao kila likizo walikwenda kukaa kwa mwenye karakana na kumsikiliza akipanga bei ya geti. Hesabu ya geti haimo kwenye daftari lolote. Bomba ngapi, na je, ni bomba nene au lile jembamba ambalo mteja hatalitambua mpaka mvua mbili zipite. Fimbo, sahani za kukatia, rangi, umeme, pikipiki ya kubeba. Mteja anatoa malipo ya kwanza, nayo yote yanaishia kwenye chuma. Faida yako ni ile salio. Na salio ndilo analokuzungusha nalo! Kijana asiyejua hivyo anajiona ana faida siku anapopokea malipo ya kwanza, ananunua simu. Nimewaona wengi.

Kwa hiyo kama unaniuliza sera iliyomjenga mfanyabiashara, sijui kitabu. Najua likizo.

---

Mwalimu_wa_Ent

Mzee Fundi, kwa heshima zote, likizo ya kukaa kwa mwenye karakana anaipata nani? Mwenye mjomba mwenye karakana. Mimi nafundisha Ujasiriamali, wanafunzi wanauita Ent, katika shule ya sekondari wilaya ya Mukono. Nina darasa la watoto ambao hakuna hata mmoja wa kwao anayeandika mauzo. Kwangu ndipo wanapoona kwa mara ya kwanza kwamba kuna gharama na kuna bei, na kwamba pesa ya duka si pesa ya mwenye duka. Mama Sare analijua kwa sababu limemuuma. Mtoto wangu wa S2 analijua kabla halijamuuma. Sioni dharau hapo.

Lakini sitatetea kila kitu. Mtaala mpya unataka miradi, na asilimia 20 ya alama za UCE inatoka kwenye kazi za shuleni, 80 kwenye mtihani wa mwisho. Wazo zuri. Kinachotokea: nchi nzima inatengeneza sabuni ya maji. Ukienda shule yoyote uulize mradi wa Ent, utaonyeshwa chupa ya sabuni ya maji ya kijani. Wazazi wanatumwa kununua malighafi, wengine wananunua sabuni iliyokwisha kutengenezwa wakabandika karatasi. Mimi niliwaacha S3 wangu wauze chapati wakati wa mapumziko ili wajifunze kugombea mteja. Walivyoanza kuuza vizuri, mwenye kantini, ambaye analipa kodi kwa shule, akalalamika, na mradi ukasimamishwa. Nikawaambia watoto wangu: mmejifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala, leseni ya mtu mwingine.

Na walimu wenyewe? Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada mpaka milioni nne. Sisi wa masomo ya sanaa tulibaki pale pale, tukagoma, tukarudi. Ent ni sanaa. Kwa hiyo somo linalosemwa kwamba litaiokoa nchi linafundishwa na mtu anayelipwa sehemu ndogo ya anachopata jirani yake wa Fizikia, na baada ya saa kumi mtu huyo anakimbia kufungua duka lake la mitumba. Labda hilo ndilo zoezi lenyewe la ujasiriamali, sijui.

Kwa binti: kama ana A ya Hisabati na mkono wa mashine, mimi mwalimu wa Ent nakwambia asije kwangu S5. Atakuwa anaandika insha kuhusu mashine za watu wengine.

---

Mikopo_Mbale

Nafanya kazi ya mikopo katika SACCO, chama cha akiba na mikopo, huku Mbale, naomba nimjibu Mama Sare swali lake la mwisho, kwa sababu wengi mmelikwepa.

Ukitaka kujua kalenda ya shule ya Uganda huna haja ya kuuliza wizara. Kaa kwenye dirisha langu. Fomu zinaongezeka mwisho wa Januari, zinaongezeka tena mwezi wa tano, tena mwanzo wa Septemba. Kwenye sehemu ya "madhumuni" wameandika kupanua biashara, kununua mifugo, kuongeza bidhaa. Sisi tunajua, wao wanajua kwamba tunajua. Pesa inakwenda shuleni. Bidhaa haikuongezeka, lakini riba inaanza kuhesabiwa kana kwamba iliongezeka. Mwenye duka analipa mkopo wa "upanuzi" kutoka kwenye duka lile lile ambalo halikupanuka. Miezi mitatu mbele muhula mwingine.

Watu wanashangaa kwamba mwaka 2015 kulikuwa na orodha iliyotoka Uingereza ikaiweka Uganda ya kwanza duniani kwa watu kuanzisha biashara, zaidi ya robo ya watu wazima. Magazeti yalishangilia. Lakini sensa ya biashara ya 2010/11 ya UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, ilihesabu biashara zaidi ya 458,000, na karibu zote zilikuwa na watu chini ya watano. Kuanzisha hatuna shida nako. Tunaanzisha kwa sababu ada inadaiwa! Tatizo ni kukua mpaka kufika mtu wa tano kazini. Na mimi kwa kazi yangu naamini ada ni sababu kubwa kuliko hata riba, ingawa bosi wangu hapendi niseme hivyo kwa kuwa mikopo ya ada ndiyo inayotulisha.

Kabla hamjanikubalia haraka: shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili wengi bila ada ya kawaida. Kama ada peke yake ndiyo ingekuwa mwizi wa mtaji, wateja wangu wangetoka pale na mitaji minono. Hawakutoka nayo. Masoko yalifungwa, usafiri ukasimama, watu walikula akiba. Wakati huo huo walimu niliowajua walianza kuuza mandazi na matofali, na baadhi hawakurudi darasani kamwe. Kwa hiyo mambo hayanyooki.

Ushauri wangu ni mdogo tu, Mama. Nenda kwa mhasibu wa shule kabla ya msimu, si baada, uombe kulipa kwa awamu za kila mwezi kwa barua. Shule binafsi nyingi zinakubali kimya kimya, hawatangazi. Na pesa ya kitambaa cha muhula wa pili ilipe kwa muuza kitambaa mwezi huo huo wa Februari, uchukue mzigo au risiti. Pesa ikishakuwa kitambaa, mtoto hawezi kuja nayo nyumbani kwenye barua ya mwalimu mkuu.

---

Spea_Arua

Mimi nina shahada ya biashara na nauza spea za pikipiki Arua, wateja wangu wengi wanavuka kutoka Kongo. Shahada imenisaidia mambo mawili: karatasi za kodi sizikimbii, na nilipoomba kazi ya kusambaza spea kwa shirika moja la misaada nilijua kujaza zabuni yao. Fundi mwenzangu anayenizidi ujuzi mara kumi aliikimbia fomu ile. Kwa hiyo msiponde karatasi sana.

Ila Mzee Fundi amesahau kitu: umeme. Huku West Nile tumeunganishwa na gridi ya taifa 2024 tu. Kabla ya hapo ungemfundisha kijana kuchomelea, angechomelea saa ngapi? Kuna vyuo vilikuwa na mashine zimefunikwa turubai. Sera ya elimu ya Arua ilikuwa inaamuliwa na nguzo za umeme.

---

MamaSare_Busia

Asanteni sana, sikutegemea mtanijibu hivi. Mwalimu wa Ent, nimecheka hiyo sabuni ya kijani, yangu ipo jikoni.

Afisa wa mikopo, hilo la kulipa kitambaa Februari nimelichukua. La barua kwa mhasibu nitajaribu, ingawa mhasibu wa shule yetu ana uso ambao barua haipiti.

Nimsemee baba watoto kidogo, maana mmemfanya adui. Yeye amefanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani hapa tangu ujana. Anaijua forodha kuliko vijana waliokuja na vyeti. Lakini ofisi zilipoanza kutaka karatasi alisukumwa nyuma akawa wa kubeba mafaili ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe. Kwa hiyo akisema shahada hasemi kwa kiburi. Anaogopa binti yake naye aje kuitwa "yule anayejua lakini hana". Alivyosikia kwamba kutoka cheti mtu anafika stashahada na hata shahada, alinyamaza. Kwake kunyamaza ni nusu ya ndiyo. Ameniuliza mara mbili hiyo Elgon iko upande gani wa Mbale, akijifanya anauliza tu.

Mzee Fundi, maswali yangu ni haya. Kwanza, wasichana. Huko karakanani yuko salama? Na alale wapi? Pili, mashine za kushonea ziko kozi gani, umakanika au umeme? Nimeuliza chuo kimoja wakaniambia "msichana, tuna ushonaji". Nikawaambia ushonaji anao. Tatu, hiyo likizo yako ya kukaa kwa mwenye karakana. Mwalimu amesema kweli, sisi hatuna mjomba.

---

Fundi_Walukuba

Nimekubali hoja ya Mwalimu kuhusu mjomba. Ni kweli, likizo zangu ni za wenye ndugu. Na Spea ana haki kuhusu umeme, mimi nimekulia mlangoni kwa bwawa, nasahau.

Wasichana: kabla hujalipa chochote nenda mwenyewe chuoni siku ya kazi, si siku ya kutembelea wazazi. Ingia karakanani. Hesabu wasichana walioshika zana, usihesabu waliosimama kando na daftari. Ukikuta wanafagia tu, rudi nyumbani. Uliza kama kuna mwalimu wa kike kwenye idara, na bweni linafungwa na nani. Pia waulize mafunzo ya viwandani ya mwisho anapangiwa wapi. Chuo kisicho na jibu la hilo kitamwacha atafute mwenyewe.

Kozi: zamani ningesema umakanika bila kufikiri. Sasa mashine nyingi za kiwandani zinazoingia zina mota ya sevo na kisanduku cha umeme cha kuiongoza. Kinachoharibika si chuma tena, ni ule ubao wa ndani. Achukue umeme. Upande wa chuma, yaani kupanga sindano na ndoana, kulainisha, kubadilisha kisu cha ovaloku, huo anao nusu tayari, na mwingine nitamwonyesha. Wakimwambia tena tuna ushonaji, aulize kozi ya umeme wa majengo na viwandani, aonyeshe cheti chake cha UCE, asitoke ofisini mpaka aandikwe.

Likizo: alete hapa. Mke wangu yupo na binti zangu wakubwa wapo, atalala nao. Hapa Jinja viwanda vya nguo na washonaji wa oda kubwa bado wapo, na baadhi wananipigia mimi wakikwama ingawa mimi ni mtu wa mageti. Atakuwa ananifuata. Simlipi likizo ya kwanza, nauli na chakula tu. Ya pili tutaongea. Akija na daftari aandike bei ninazotaja kwa wateja na bei wanazolipa mwishoni, hizo mbili hazifanani.

Hiyo ovaloku inayoruka nyuzi ina mota ya aina gani? Kama ni ya klachi, ile nzito inayounguruma hata usipokanyaga, aje na maelezo tu nitamwambia la kufanya. Kama ni ya sevo, mwambie asifungue kile kisanduku mara tu anapochomoa waya ukutani. Ndani mna kapasita zinashikilia umeme dakika kadhaa. Asubiri kwanza, na picha za ubao anitumie.